Chumba Chenye Dirisha

Jumatatu, 3 Februari

Majibu ya damu kutoka kliniki ya wageni yametoka. Wifi anao! Yaani hana ugonjwa wenyewe — ana vijidudu vya kifua kikuu, lakini vimelala. Ndivyo alivyosema nesi, na mume wangu, Baba Kasuku, akatutafsiria, maana yeye katutangulia huku miaka mitatu na lugha yao anaiongea. Picha ya kifua cha wifi ni safi kabisa. Atameza dawa mara moja kwa wiki, miezi mitatu, na nesi atakuja nyumbani kumtazama akimeza.

Hata vijidudu vyake vina adabu. Vimelala!

Damu ya mwanangu Kasuku haina kitu. Nimeshukuru. Yangu mimi haikusomeka. Nesi kasema hutokea, nirudi Jumanne ya wiki ijayo nitolewe nyingine. Baba Kasuku alinitafsiria hayo huku kashika mlango kwa mkono mmoja na koti la dada yake kwa mkono wa pili.

Kurudi nyumbani walitangulia wao wawili, kamshika mkono. Sisi nyuma, mimi na mwanangu na mfuko wa viazi. Tangu tuje, miezi miwili sasa, sijashikwa mkono hata kuvushwa barabara. Naandika tu. Sina kijicho.

Jumatano, 5 Februari

Ninacho.

Leo wifi kahamishiwa chumbani kwetu. Chumba chetu! Ndicho chenye dirisha linalofunguka. La sebuleni lilipakwa rangi likagandia hapo hapo. Mgonjwa anataka hewa, kasema Baba Kasuku, na godoro likabebwa. Wifi akajitia kukataa — kaka, mimi nalala popote, usiwasumbue wenzio. Kaka hakusikia. Akishaamua huwa hasikii. Basi yeye kwenye kochi, mimi na Kasuku godoro la chini, karibu na hita.

Miaka mitatu nimemngoja mwanaume huyu. Miaka mitatu nalala na simu chini ya mto! Nikaja, nikakaa chumbani kwake miezi miwili. Sasa naitazama miguu yake inavyoning'inia nje ya kochi.

Alhamisi, 13 Februari

Nesi kaja kwa mara ya kwanza. Kavua viatu mlangoni bila kuambiwa — hapo nimempa maksi. Akakaa na wifi mezani, akamhesabia vidonge kiganjani, akamtazama koo likipanda na kushuka. Halafu maswali. Tumbo linasumbua? Unalala vizuri? Unakula? Macho hayajawa ya njano? Mkojo je? Hata mkojo wake unajuliwa hali! Na wifi anajibu mwenyewe kwa lugha yao, neno moja moja, anakosea, wanacheka wote wawili. Mimi tumekuja naye siku moja, ndege moja, na ninachojua ni "asante" na, ya kazini, "mashuka haya niweke wapi."

Nilisimama na sinia la chai mpaka mkono ukafa ganzi.

Baba Kasuku aliomba ruhusa kazini ili awepo. Juzi Jumanne, siku yangu ya damu, ruhusa haikupatikana. Kasema bila yeye sitaelewana nao, niende wiki nyingine, kwani nina nini, mimi si mzima kama chuma? Chuma! Alidhani ananisifu.

Jumapili, 16 Februari

Sketi ya bluu inanizunguka kiunoni. Nimeibana kwa pini, nikajitazama sana kwenye kioo cha bafuni. Kiuno hiki sijakiona tangu Kasuku azaliwe. Wifi yeye anajaa mashavu, anakula na kulala kama mzazi. Nikapita mbele ya kochi, nikarudi, nikapita tena. Baba Kasuku akaniomba nisogee, nilikuwa namzibia televisheni.

Hita hii itaniua. Naamka gauni limelowa chapachapa. Kasuku — hakuna neno linalompita huyu mtoto, jina hilo hatukumpa bure — kaenda kumwambia shangazi yake eti mama kajikojolea! Wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje. Jana nikaizima hita. Nikalowa vilevile.

Jumanne, 18 Februari

Leo nilitakiwa nikatolewe damu. Sikumkumbusha mtu. Nilitaka nione kama yuko atakayekumbuka.

Hakuna.

Nikaenda zangu kazini. Kule kiwanda cha kufulia tunakunja mashuka ya hoteli tangu asubuhi, na nyuzinyuzi za pamba zinaruka mpaka kope zinakuwa nyeupe. Wote tunakohoa. Lakini shoga yangu wa meza ya kukunjia, naye wa kwetu, kaniambia kikohozi changu kimepitiliza, kina mwezi sasa, na kinatokea chini. Nikamwambia tunakula pamba ile ile, dada. Akasema yeye akishafika kituo cha basi kinaachia. Changu kinaachia?

Nikamwuliza shuka la pili liko wapi.

Alhamisi, 20 Februari

Leo ndiyo leo! Nesi kaona mlango wa chumba, kaona godoro letu limekunjwa sebuleni, kauliza kwa nini. Baba Kasuku akaeleza habari za hewa. Nesi akashika kiuno. Binti huyu hamwambukizi mtu, kasema, nani kawaambia mumtenge? Alale na watu, ale na watu, vijidudu vyake havitoki. Nilielewa kabla sijatafsiriwa. Nilielewa kila neno! Nikamwongezea sukari kwenye chai.

Usiku nikaomba chumba changu kwa upole, sauti ya asali. Baba Kasuku akajikuna kichwa. Tumwache amalize dawa, mama Kasuku, zinamchosha. Wifi akasema yeye yuko tayari kutoka hata sasa hivi. Kaka akasema kaa. Akakaa.

Mezani chakula kikanipalia — au si chakula, sijui — nikakohoa mpaka machozi. Baba Kasuku akaweka kijiko chini. "Haa, na wewe tena! Unataka nesi wako?"

Alikuwa anatania. Najua alikuwa anatania. Kasuku akaidaka hapo hapo, unataka nesi wako, unataka nesi wako, mpaka akapitiwa na usingizi. Wifi peke yake hakucheka. Alinitazama tu. Sitaki huruma yake, ana vingi vya kwangu tayari.

Basi. Kuanzia leo sikohoi mbele ya mtu. Bafuni, bomba likiwa wazi, taulo mdomoni. Hakuna atakayesema namwiga wifi!

Jumatatu, 24 Februari

Nimechoka. Ngazi za kiwandani nimezipanda kwa mapumziko. Nimelala bila kula, na hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 26 Februari

Wifi kanifuata bafuni. Nafungua mlango, huyu hapa, kasimama na kanga yake mabegani. Kasema kwa sauti ya chini: "Wifi, hicho kikohozi mimi sikipendi. Kesho nesi akija nimwambie akusikilize?"

Nikawaka. Nikamwambia una chumba changu. Una mume wangu wa kukushikia koti. Una nesi wa kukuuliza mkojo. Sasa na kikohozi changu unakitaka? Ugonjwa wako haukutoshi?

Uso ukamshuka. Nikamwapisha asimwambie kaka yake, akaapa, maskini. Nilifurahi! Furaha ikakaa mpaka nilipomaliza vyombo, halafu ikaniacha.

Taulo lilikuwa na alama nyekundu. Fizi hizo. Nimelifua kwa maji baridi.

Ijumaa, 28 Februari

Baba Kasuku kamletea dada yake glavu za sufu. Na mimi kaniletea. Namba ya mkono wa wifi.

Jana nesi alikuja, mimi nikajipa shughuli dukani mpaka alipoondoka. Wifi hakusema. Kashika kiapo.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika yote.

Nilikuwa jikoni nachemsha maji. Sikuwahi kutoka, nesi aliwahi. Wifi kameza vidonge vyake, maswali yakaisha, nesi anafunga begi. Kasuku alikuwa chini ya meza na mdoli wake, anamtibu. Akamfunika mdoli uso kwa kitambaa, akafanya shhhhh kama bomba la maji, halafu akakohoa. Mtoto wa miaka minne! Akakohoa kutoka chini kabisa, akavuta pumzi ndefu yenye mluzi mwishoni, akatema, akatazama kitambaa.

Baba Kasuku akasema huyo anaigiza tu, huyo kila kitu anaiga. Nesi akauliza: anamwiga nani?

Kasuku akanionyesha kwa kidole. "Mama. Bafuni."

Nesi akafungua tena begi. Hakumtazama wifi. Alinitazama mimi, kuanzia uso mpaka kwenye pini ya sketi. Akavaa barakoa, akanipa na mimi, akaniuliza polepole, Baba Kasuku akitafsiri. Tangu lini? Unatoka jasho usiku? Umepungua? Unachoka? Unakula? Maswali yote niliyoyaonea kijicho, leo yangu. Na kila moja jibu lake lilikuwa ndiyo. Kila ndiyo Baba Kasuku anazidi kushusha sauti. Kwa nini hukurudi kutolewa damu? Hilo hakulitafsiri, ila nililielewa. Alilijibu mwenyewe, na nikamwona anafuta uso kwa kiganja.

Halafu nesi akauliza mtoto analala wapi.

Kasuku ndiye aliyejibu, baba yake alipomwuliza. "Na mama! Mimi na mama, godoro moja."

Ijumaa, 7 Machi

Picha ya kifua nimepigwa. Kuna kitu juu upande wa kulia, daktari kakizungushia kidole mara nyingi. Wanataka makohozi ya asubuhi, vikopo vitatu, ndipo waseme neno la mwisho. Dawa zipo, kasema, zinaponya. Nisiende kazini. Nilale peke yangu. Kasuku katolewa damu upya, akalia, na aliyemshika ni wifi maana mimi niliambiwa nisimame kando ya dirisha.

Baba Kasuku hakulia mbele yangu. Alisema tu, nilikuita chuma. Akarudia. Nikamwambia nyamaza.

Jumamosi, 8 Machi

Niko chumbani kwangu.

Wifi alihama kabla hajaambiwa. Nimekuta mashuka mapya, yamenyooshwa kuliko ninavyoyanyoosha ya hoteli, na dirisha limefunguliwa wazi. Baridi inaingia. Glavu zake kaniwekea juu ya mto, maana zangu zinanibana, na hizo zake kazivuta vuta zikapanuka. Sijui kazivuta muda gani. Nilizitupa sakafuni. Halafu nikaziokota nikavaa.

Baba Kasuku kakaa sakafuni ng'ambo ya mlango tangu asubuhi. Kaomba ruhusa. Umelalaje? Umekula? Tumbo je? Nikajibu yote. Tangu nije sijaongea naye muda mrefu namna hii, na katikati yetu kuna ubao. Nikamwuliza kama miguu inamuuma kwa lile kochi. Akasema inamuuma. Tukacheka kidogo, mimi nikiwa nimeziba mdomo.

Chumba nimekipata. Nesi nimempata, Jumatatu anakuja, kwangu mimi. Mume anasubiri mlangoni.

Baada ya chakula nikamsikia Kasuku sebuleni anacheza unesi. Fungua mdomo, shangazi. Meza, shangazi. Mkojo je, shangazi? Wifi anacheka kile kicheko chake. Kasuku kapanda mapajani, nasikia kiti kinavyolia. Na hata sasa, hata humu ndani na hiki kifua changu, kijicho kilinipanda mpaka kooni. Mapaja yale yalikuwa yangu! Mimi ndiye niliyekuwa nikimpakata.

Kisha kimya. Nikaandika mpaka hapo juu.

Sasa hivi nimesikia kikohozi. Kutoka chini, pumzi ndefu, mluzi mwishoni. Kama changu hasa. Nimegonga ukuta kwa glavu: Kasuku! Acha kumwiga mama! Mama hapendi!

Kisha wifi kajibu, taratibu, karibu kabisa na ukuta.

"Wifi. Kasuku amelala."

Nimemwambia mgeuze ubavu. Mwinue kichwa. Mpapase mgongo, chini kwenda juu, hivyo ndivyo anavyopenda. Nasikia kiganja chake kwenye gauni la mwanangu. Mshike, wifi. Mshike vizuri, usimwachie.

Anakohoa tena —