Mjane wa Darasani

Jagoda, nimeharibu. Nimejifungia chooni, hospitali ya Lublin tuliyopangiwa na chuo.

Si unamjua Bi Leokadia, mwigizaji anayelipwa na chuo ajifanye mjane, tujifunze kutoa habari za msiba? Nimemkuta koridoni na ndara za kiume mkononi. Nikadhani kaletwa kwa zoezi.

Nikamwambia, "Leo unafiwa tena, Bi Leokadia?" Huku nacheka. Jagoda, nilicheka.

Daktari akatoka wodini, akaanza, "Mama, tunasikitika..."

Bi Leokadia akamkatiza. "Anza na jina lake. Hata wanafunzi wangu wanajua."

Daktari akapekua faili. Jina halijui.

Bi Leokadia akanigeukia. "Anaitwa Zenon. Niambie wewe, kama nilivyokufundisha."

Nikakimbia. Bado ananisubiri hapo nje.