Kadi ya Mlango wa Jikoni

Jumatatu, 1 Julai
Nimeswali, nimefagia uani, nimechagua maharage. Upepo wa kipupwe umeanza. Vumbi lote la Chang'ombe limehamia sebuleni kwangu. Eda bado, sitoki. Wageni wamepungua, na siwalaumu, kila mtu ana kwake.
Mwanangu Mwajuma alipokwenda kazini nimefungua kabati la marehemu baba yake. Mashati ya kazi. Saa iliyosimama. Kadi mbili za mkopo za benki, moja jina lake, moja langu. Hatukuzinunulia hata chumvi. Watu wa benki waliwafuata ofisini kwao, idara ya mifugo, mume wangu akasaini akidhani ni kadi mpya ya mshahara. Alipoambiwa zina riba alikasirika wiki nzima, akazitia kabatini. Yangu inang'aa. Yake imelika pembe moja.
Nimelia kwa sababu ya hiyo pembe. Mtu akinisoma atasema nimechanganyikiwa.

Jumatano, 3 Julai
Jioni kaja Hamisi, mdogo wa marehemu, kutoka Kondoa. Anahangaika na mambo ya kaka yake bila kuchoka, hilo namshukuru. Kasema kadi zikatwe na benki iambiwe ifunge kila kitu. Haifai jina la marehemu kubaki kwenye kitu cha riba. Ni kweli, na marehemu mwenyewe angesema hivyo.
Nimetoa yangu. Kaikata pale pale kwa mkasi wa Mwajuma. Sikuhisi chochote. Alipoomba ya kaka yake nikasema sijui ilipo.
Ilikuwa chini ya mkeka nilioukalia. Nimesema uongo ndani ya eda. Mungu anisamehe, lakini sikuweza.

Alhamisi, 4 Julai
Upepo umebamiza mlango wa jiko la uani, mimi nje naanika nguo, wali motoni. Kitasa kile hujifunga chenyewe, na ufunguo ulipotea mwaka tuliohamia. Miaka yote ikitokea hivyo nilikuwa namwita. Anakuja taratibu na kadi yake, anaipenyeza penye ulimi wa kitasa, anaitikisa, mlango unaachia. Halafu anasema, "Mama Mwajuma, jiko limekukataa tena." Kila mara maneno yale yale. Kuna siku yalinichosha.
Hiyo ndiyo kazi pekee kadi ile iliyowahi kufanya.
Leo nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la khanga. Nimepenyeza, imegoma. Nimegeuza ile pembe iliyolika. Mlango ukafunguka. Nikageuka nyuma kumsikiliza anisimange.
Wali umeungua. Nimekaa kizingitini nikaukwangua na kuula hivyo hivyo. Namtaka mume wangu. Sitaki kitu kingine.

Jumapili, 7 Julai
Hamisi karudi. Benki wamefunga, kadi sasa ni plastiki tupu, lakini bado anaitaka aikate kwa mkono wake, roho yake itulie. Nimechoka kudanganya. Nimeitoa mbele ya Mwajuma, nikaeleza habari yote ya mlango mpaka mwisho.
Hamisi akaipokea, akaigeuzageuza.
"Kumbe ndiyo maana kaka hakuitupa," akasema. Akanirudishia.
Usiku nimelala vizuri, mara ya kwanza tangu msiba.

Jumanne, 9 Julai
Hamisi kaja na fundi. Sikuwaita. Wameng'oa kitasa cha jikoni, wametia kipya, kisichojifunga. Funguo mbili, moja yangu, moja ya Mwajuma. Mlango umepigwa randa, hausugui chini. Hamisi kaufungua na kuufunga mara nyingi ili nione, uso umemchangamka.
"Shemeji, hutafungiwa nje tena."
Nimeshukuru. Nimewapikia chai, nimewakaangia maandazi. Walipoondoka nimelala nimeelekea ukutani mpaka magharibi. Nina hasira naye, na hakunikosea lolote. Alikaa siku mbili akifikiria namna ya kunisaidia, na hiki ndicho alichokipata. Nitamwambia nini mtu kama huyo?
Kitasa cha zamani kaondoka nacho fundi. Sikuthubutu kukiomba.

Ijumaa, 12 Julai
Nimempa Mwajuma ile kadi aikate. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimesema ndiyo. Nimesikia mkasi. Vipande amevitia jalalani pamoja na maganda ya viazi.
Mchana upepo umevuma sana. Nilikuwa uani na sufuria mkononi. Mlango wa jikoni ukabamiza, ukarudi, ukabaki wazi. Nikasimama pale nikisubiri upepo mwingine. Ukavuma, ukabamiza tena. Nikautamani ujifunge, mara moja tu.
Haukujifunga. Nimeingia, nimebandika maharage.