Hasi Tisini na Sita, Mbwemkuru

Selemani, mtani wangu,

Mama yako ameongea na Zaituni kwenye simu. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza kuliulizia, na mengine yote usingeyasikiliza.

Tangu ufariki, redio yetu ya mawasiliano pale ofisini Nachingwea imefunikwa kitambaa. Ruangwa sasa kuna mnara, na kila karani ana simu mfukoni. Mkeo amerudi kwao Nachingwea na binti yenu Zaituni ili asome huko. Mama yako amebaki Mbwemkuru na mikorosho yake. Nyumba ile, unaijua, iko nyuma ya kilima, mawimbi ya mnara hayafiki vizuri, na miguu yake imevimba, hawezi kupanda kwenda kutafuta mtandao. Aliponiita alisema kwa kile Kiswahili chake kifupi: "Sauti ya mtoto naanza kuisahau. Ya baba yake nimeshaisahau."

Nilitazama pembeni. Sisi Wangoni kazi yetu kwenye misiba yenu Wamwera ni utani, na hapo sikuwa nao.

Siku ya mazishi niliifanya kazi hiyo vizuri. Nilikaa katikati ya njia, nikazuia jeneza, nikatangaza kwamba marehemu hapiti mpaka akiri kuwa wati mia ni mara mbili ya wati hamsini. Wenzetu wa ofisini walicheka huku wanalia. Wengine walidhani nimechanganyikiwa.

Ubishi ule nimeukumbuka sana. Ruangwa walikuwa hawatusikii, mimi nikataka tuombe redio ya wati mia badala ya yetu ya hamsini. Ukaniambia, "Mngoni, wewe shika ngao, hesabu niachie." Ukaniuliza: ngoma moja inalia kwenye unyago kijiji cha pili, ikaongezwa nyingine, aliye mbali atasema kelele zimekuwa mara mbili? Ataona zimeongezeka kidogo tu. Mpaka zifike ngoma kumi ndipo atasema sasa zimekuwa maradufu. Ndivyo desibeli zinavyohesabu, ukasema: nguvu ikizidishwa mara mbili umeongeza tatu, ikizidishwa mara kumi umeongeza kumi. Wati mia zangu zingetupa tatu. Kebo yetu kuukuu iliyoingia maji ilikuwa inakula sita, yaani robo tatu ya nguvu inaishia humo kabla ya kufika kwenye antena. Tukabadilisha kebo, Ruangwa wakaitika siku hiyohiyo. Nilinuna, nawe ukafurahia kuniona nimenuna.

Basi nikaenda Mbwemkuru na kipimo cha mawimbi, antena, betri ya gari na simu ya mezani inayotumia laini kama ya mkononi. Uani kwa mama yako kipimo kilisoma hasi mia moja na kumi. Simu ile ikipata chini ya hasi mia moja na mbili haisikii kitu. Nikakaa mkekani, nikajumlisha na kutoa kama ulivyonifundisha. Antena inaongeza kumi. Kuipandisha mlingotini, nane. Kinachobaki ni kebo. Mama alitaka simu ikae chumbani, kando ya kitanda chake, ukuta wa mbele. Mlingoti ungeweza kusimama nyuma ya nyumba tu. Kebo niliyokuwa nayo, kuzungushwa mpaka kule mbele, ingekula kumi na mbili. Hasi mia moja na nne. Bubu.

Nikamweleza kwamba kwenye kitanda haifiki. Akanitazama kama anavyomtazama Mngoni yeyote.

"Basi sogeza kitanda."

Hakijawahi kuhama pale tangu mzee wako afariki. Tulikihamishia ukuta wa nyuma, mlingoti ukawa nje ya ukuta huohuo, na kebo ikala nne tu. Hasi tisini na sita. Nilipiga Nachingwea, nikampa.

Zaituni alikuwa anapaza sauti, kama watu wanavyofanya wakijua mtu yuko mbali. Nilimsikia mpaka mlangoni nilipokuwa nimesimama. Mama yako akamwambia, "Usipige kelele, mjukuu wangu. Nipo hapahapa."

Baadaye aliniuliza ile namba ni ngapi. Nikamtajia. Akasema, hasi si ndiyo hamna? Nikampa jibu ulilonipa mimi mwaka wangu wa kwanza kazini: hata sifuri yake si hamna, ni miliwati moja, wati iliyogawanywa mara elfu. Hasi ni chini ya hapo, na kila ukishuka kumi unagawanya kwa kumi. Unaweza kushuka utakavyo, kitu kitabaki. Hamna kabisa haina namba.

Aliweka mkono juu ya simu.

"Kumbe na Selemani naye si hamna," akasema.

Nilijibu, ndiyo, mama. Nilikuwa nalia, mtani, na hilo usiwasimulie Wamwera wenzako huko uliko.

Lala salama. Kila mwaka, korosho zikishaokotwa na mvua hazijashika, nitakwenda Mbwemkuru kufungua kiungo cha kebo, nitazame kama maji yameingia, nikifunge upya kwa mpira. Nikitoka hapo nitapita kaburini kwako nikutanie. Usipojibu, nitahesabu kwamba ni umbali tu.

Mngoni wako.