Shuka za Mafungo

Jumatatu, 23 Februari

Nimeamka na adhana. Baba Yetu, Salamu Maria tatu, halafu shuka ya Konso, binti yangu. Imelowa tena. Nimeifua, nimeianika uani nyuma ya kanga zangu isionekane. Kisha kazini Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya wageni, kufua shuka za watu nisiowajua. Leo moja ilikuwa na matapishi. Khaa! Nimefunga Kwaresima, tumbo tupu, na harufu ile.

Katekista katwambia kila siku tuandike jambo moja alotuonesha Mungu. Mie niliishia darasa la tano. Leo kanionesha matapishi.

Jioni Konso kasoma Injili, mie nasikiliza. Hababaiki. Saa hii naipenda kuliko zote.

Alhamisi, 26 Februari

Wasiwasi. Mwezi ujao watoto wa kipaimara wanakwenda mafungo, shamba, kwenye nyumba ya masista. Kulala siku mbili. Konso hajawahi kulala nje ya nyumba hii. Miaka kumi na nne. Daktari kasema itaacha yenyewe. Itaacha lini? Mtoto anataka kwenda, na hataki. Analia bafuni akidhani sisikii.

Nimekwenda kwa Mama Gervas, mwenyekiti wetu wa jumuiya ya sala, maana yeye ndiye atakayelala na wasichana. Nimemwambia kwa siri. Nimemwomba amlaze karibu na mlango, amwamshe mara moja usiku. Kanishika mikono yote miwili. "Niachie mimi, mama. Hili tutalibeba kwenye sala."

Nimerudi mwepesi. Nimekula vizuri.

Jumamosi, 28 Februari

Sitaki kuyaandika haya. Naandika hivyo hivyo.

Jumuiya leo ilikuwa kwa Mama Stela. Konso ndiye aliyetusomea Neno. Yakafika maombi, mmoja anaomba kwa sauti, wengine tunaitikia. Mama Gervas akafumba macho, akanyoosha shingo. "Tumwombee binti aliyetusomea Neno jioni hii. Bwana, ikaushe shuka yake. Umri huu, Bwana, bado anakojoa kitandani, na mama yake amechoka."

Tukaitikia, "Utusikie, Bwana."

Na mie. Na mie nikaitikia! Mdomo ulitangulia, akili ikaja nyuma. Konso alikuwa ananitazama. Siyo Mama Gervas. Mie.

Halafu chai na muhogo, kama hapana kitu. Ati tupeane amani. Mkono wa Mama Gervas laini, una majimaji. Nimeufuta kwenye kanga mbele yake. Hakuona. Au kaona, kadhani jasho.

Jumapili, 1 Machi

Misa. Sikusikia kitu. Mama Gervas kakaa safu ya mbele na mtandio mweupe. Kila akiinama nasikia kinyaa. Kinyaa hasa, kama kukuta unywele kwenye uji ushaumeza nusu.

Konso hakuja. Kasema tumbo.

Jumanne, 3 Machi

Konso hasomi tena. Nikimwita, haiji ile "naam" yake. Shuka anafua mwenyewe kabla sijaamka, anaianika chumbani juu ya kiti. Haikauki. Chumba kinanuka. Sithubutu kusema. Nimeshasema ya kutosha.

Leo neno lake moja tu. "Kipaimara siendi. Ulimwambia wewe."

Injili nimesoma peke yangu. Mistari minne, kidole chini ya neno, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Nikachoka. Nikafunga kitabu. Sikuomba.

Alhamisi, 5 Machi

Bi. Zuhura, jirani yangu wa ukuta mmoja, kaniletea bakuli la tambi za futari. Yeye yumo Ramadhani, mie nimo Kwaresima, wote midomo mikavu. Nikalia mbele yake. Nikamwambia yote. Kanitazama kama mtu anavyomtazama mjinga.

"Mie kamba yenu naiona tangu Konso hajang'oka jino. Kila siku shuka moja, nyuma ya kanga. Weye ukidhani mie kipofu?"

"Mbona hukusema?"

"Nseme nini? La kusitiriwa husitiriwa."

Na Bi. Zuhura huyu ndiye mmbea wa mtaa! Anajua nani kanunua kuku, nani kanunua dagaa akasema kuku. Hili kalinyamazia miaka yote.

Nikasema Mama Gervas mchafu, mchafu wa roho. Akacheka mpaka mtandio ukamtoka. "Na weye? Ya mume wa Mama Stela na yule mwanamke wa Bububu, nani kanihadithia, bibie? Tena hapa hapa mlangoni."

Mie.

Niliyasikia kwenye maombi ya jumuiya, kabla ya Jumatano ya Majivu. Nilifumba macho, masikio nikayaacha wazi kama duka. Nikaitikia Utusikie, nikaja nayo nyumbani yangali moto. Siku ile nilijiona nimesali vizuri.

Tambi tamu, zina iliki. Nimeziacha nusu. Nimesukutua kwa maji ya chumvi. Mdomo bado mchafu.

Ijumaa, 6 Machi

Njia ya Msalaba. Magoti yameniuma. Vituo vyote hivyo, watu wamejaa wanatazama na kusema. Veronika kaja na kitambaa. Sikusikia mahali aliposema neno. Kafuta uso wa Yesu, basi.

Nimebaki pale kwenye kituo chake wenzangu washasonga. Mtu wa nyuma kanigusa bega.

Jumatano, 11 Machi

Nimemsubiri katekista nje ya kanisa. Nimemwambia mafungoni nitakuja kufua. Shuka zote za wasichana, kila alfajiri. Kauliza malipo. Nikasema hakuna, ni Kwaresima yangu. Kauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu najua kufua. Hakuuliza tena. Mungu ambariki mtu anayejua kuacha kuuliza.

Konso sijamwambia. Ataniuliza nimemwambia nani nini.

Jumamosi zamu yangu kupokea jumuiya. Sitaki mwanamke yule akanyage mkeka wangu. Lakini zamu ni zamu. Nimefagia kwa hasira.

Jumamosi, 14 Machi

Wamekuja. Nimetandika mkeka, nimechemsha chai ya mchaichai. Konso kajifungia chumba cha ndani. Neno kasoma mtoto wa watu.

Maombi. Mama Gervas kafumba macho, shingo ile ile. "Bwana, kuna ndoa humu ndani inavuja. Kuna mume, Bwana, usiku ukimtafuta yuko Bububu..."

Mama Stela akainama. Nikaiona shingo yake, imeingia mabegani kama kuku aliyenyeshewa.

Nikapachika wimbo.

Kwetu mtu akirefusha matangazo kanisani huimbiwa mpaka akae. Kumwimbia mtu aliye katikati ya sala sijawahi kuona. Nimefanya. Ule wa Kwaresima ambao hata mtoto anaujua. Sauti yangu mbaya, ya bawaba. Ubeti mzima peke yangu, hapana aliyefungua mdomo. Mama Gervas kafumbua macho. Nikafika kwenye kiitikio, pumzi imekwisha, nikasema hapa nimeaibika.

Kiitikio kikatoka chumba cha ndani. Konso. Mlango umefungwa, sauti inapita chini yake. Kisha Mama Stela, kichwa bado chini. Kisha wote.

Wakati wa kuvaa viatu Mama Gervas kanivuta pembeni.

"Mama Konso, umenikata sala."

"Nimekukata."

"Haya. Huko mafungoni mwanao sijui nitamlaza wapi."

"Mlaze popote. Mfuaji ni mie. Nshasema na katekista. Alfajiri nakusanya shuka zote, za wasichana wote na yako, natia beseni moja."

Kainama, kavaa kiatu cha pili.

Nikamwambia na hili. Shuka za wageni nafua mwaka wa tisa. Zina kila kitu. Sijawahi kumtangaza mtu, hata kwa Mungu.

Wakaondoka. Nilipogeuka, Konso kasimama na vikombe vya chai mkononi. Kasikia. Kapeleka vikombe uani, kaviosha.

Sitaongopa hapa. Mama Gervas bado ananitia kinyaa. Nimejaribu kumwombea, jina lake likanikwama kama mwiba wa samaki. Nimejaribu tena. Limekwama tena. Mama Stela nitamwendea mwenyewe, na sitakwenda na maneno mengi.

Jumatatu, 16 Machi

Manyunyu asubuhi, halafu jua. Shuka ya Konso ilikuwa uani kwenye kamba, mbele, siyo nyuma ya kanga. Kaianika mwenyewe. Bi. Zuhura alikuwa akichota maji. Kaitazama, kalalamika bei ya nazi.

Kwenye mfuko wa mafungo Konso kishatia kanga mbili na mswaki.

Jioni kaja kukaa mkekani. Kitabu hakukigusa. Nikasoma mie. Nikakwama kwenye neno moja, refu. Hakunisaidia. Kangoja. Nikalirudia, nikalirudia, nikafika.

Nikamwambia leo tuombe kimya kimya, kila mtu lake.

Kasema amina kabla yangu. Sikumuuliza kaomba nini.