Elia amekamata kiazi

Jumanne

Samahani, sijaandika tangu mvua zianze. Nikikaa tu, nasinzia.

Mama mkwe alishasema: Elia akipungua uzito, atamlisha yeye, uji kwa kiganja, kama alivyowalisha wanawe wote. Nimekataa. Nesi alinieleza kwamba mtoto akijilisha, vidole vinazoea kazi, naye anajua mwenyewe ameshiba. Lakini kliniki ni Ijumaa, na ule mzani nauogopa.

Leo nimempa vipande vya kiazi kilicholainika. Mama akaguna, "Huyu hali, anapaka mkeka!"

"Tumsubiri kidogo, mama."

Mwezi uliopita alikuwa anaponda kila kitu kiganjani. Leo amebana kipande kwa kidole gumba na cha shahada, akakitazama, akakitia mdomoni. Mwenyewe! Mwanangu huyu!

Mama akamega kingine, akakiweka mbele yake, si mdomoni. "Haya, mume wangu, kamata."

Nikainamia masufuria nisionekane nalia.

Baba Elia atume kutoka Tanga: bakuli zito lisilopinduka, vitambaa viwili vya kumfunga kifuani, kikombe chenye mikono miwili. Na mkeka wa plastiki. Huo kauagiza Mama, wa Elia kuchafulia.