Springi za Kifaru cha Baba

Magomeni, Mtwara

Kaka yangu Fakihi,

Huku mikorosho imeanza kuchanua. Kile kifaru cha vita cha kuchezea, cha rimoti, ulichomtumia Baba kilikuwa kinaburuza tumbo sakafuni, springi za magurudumu zimelegea. Nikaweka springi za kalamu, zikanywea palepale. Baba akacheka. Fundi wa malori tangu ujana wake, angezikubalije?

Kaka, kuna jambo nilikuficha. Tangu Ramadhani Baba ana kiharusi. Mkono wa kulia umelegea, na maneno hayatoki vizuri. Alinikataza nisikwambie, kwa vile mliachana kwa ugomvi, ingawa kifaru chako alikipokea.

Juzi nilimpatia waya wa gitaa. Akaubana msumari kwa mkono uleule mgonjwa, akauzungushia waya kwa wa kushoto. Springi kumi na mbili zilimchukua siku tatu, na hakutaka nimsaidie.

Leo asubuhi kifaru kimepanda kizingiti bila tumbo kugusa chini. Nikapiga kelele, "Baba, umeweza!"

Akanitazama, akakusanya nguvu, akasema, "Fakihi aje."

Sikuhitaji kumuuliza mara ya pili. Nimekaa hapo hapo kukuandikia.

Mdogo wako akupendaye,
Somoe