Punje za Wimbi kwenye Pindo la Sweta

Merrylands, 22 Septemba 2024

Kwa mke wangu mdogo Wilkister,

Salamu nyingi kutoka kwa babu yako. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linabishana na ngazi. Mama yako naye hajambo, kazi ya wodini inamchosha lakini anakusalimu. U hali gani huko Hobart mnakosubiri meli? Wanakulisha, au mpishi hali mpaka wengine washibe?

Kanisani nimemtangazia kila mtu kwamba mjukuu wangu anakwenda Antaktika kupika. Mzee Wekesa akauliza, "Kwani pengwini wanakula ugali?" Nikamjibu kwamba wapima barafu ishirini na wanne hawapimi kitu wakiwa na njaa.

Usiudharau mwiko wako. Nilifundisha jiografia Kisumu miaka thelathini na minne, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi kwamba wavumbuzi wa zamani hawakuuawa na baridi peke yake. Fizi zilivimba, meno yakalegea, vidonda vilivyopona zamani vikafunguka upya, yote kwa kukosa chakula kibichi. Waliokula nyama ya sili walinusurika. Walioshikilia biskuti na nyama ya chumvi waliumia. Aliyefika mbali alikuwa na mpishi mwenye akili.

Mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga theluji. Nimeichora ubaoni kwa chaki tu. Utanikanyagia wewe.

Nimekutumia kwa posta lile sweta la kijani alilofuma marehemu nyanya yako. Livae siku ya kupanda meli, usilivue mpaka mfike. Lina kitu zaidi ya joto. Nitakueleza baadaye.

Wako,
Babu Owuor

Hobart, 6 Oktoba 2024

Kwa mume wangu wa kwanza, Babu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa unaipaka kweli, ama unaipaka tu ukisikia gari la Mama?

Sweta limefika, bado linanukia sanduku la Nyanya. Mimi ni mzima na ninakula vizuri. Wiki hii tumefundishwa kuokolewa kutoka kwenye ufa wa barafu. Nilining'inia kwenye kamba kama mbuzi anayepimwa uzito, wenzangu wakapiga picha.

Ijumaa ni ukaguzi. Mkaguzi anaitwa Rufus, bwana mwembamba asiyecheka. Anapitisha mashine ya kufyonza vumbi kwenye kila mfuko, hata kwenye soli za viatu, akitafuta udongo na mbegu. Sote tumesaini fomu kwamba hatuna mbegu hata moja. Msimu uliopita kuna aliyedanganya kwenye fomu hiyo, na meli ikamwacha.

Tunaondoka tarehe 17. Babu, sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka safari hii. Unajua nilivyoosha vyombo hotelini miaka mitatu kabla hawajanipa hata kisu cha kukatia vitunguu.

Mjukuu wako,
Wilkister

Merrylands, 7 Oktoba 2024

Wilkister mjukuu wangu,

Salamu. Leo si mzima sana, na safari hii si goti.

Ningepiga simu badala ya kuandika barua pepe hii, lakini ungesikia sauti yangu kabla ya kusikia hoja yangu. Acha nieleze kwa utaratibu.

Kwanza, sheria hiyo ni nzuri. Bara lile halina mti hata mmoja, na upande wake mwingine majani ya kigeni yameshaota, yaliyoletwa na watu. Ningekuwa Rufus, ningefyonza vilevile.

Pili, ukoo wetu una desturi. Anayekwenda safari ndefu hushonewa wimbi kwenye pindo la nguo bila kuambiwa, ili popote atakapolala asilale bila chakula cha kwao. Mama yangu alinishonea nilipokwenda Makerere.

Tatu. Ah, Wilkister. Pindo la sweta lina punje saba za wimbi. Nilizipata dukani kwa Darlène, yule Mrundi. Alinicheka: "Mzee, punje saba ni uji wa nani, wa sisimizi?"

Miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto wa watu kuhusu bara lile, na sasa mimi ndiye wa kulichafua.

Usizifumue kwa siri. Mpelekee Rufus sweta pamoja na barua ya Kiingereza niliyoiambatanisha. Nimekiri yote kwa kurasa mbili na mchoro mmoja. Ikiwa lazima mtu aachwe na meli, waniache mimi.

Babu yako mwenye aibu,
Owuor

Hobart, 15 Oktoba 2024

Babu,

Shikamoo. Nimekaa kimya siku nane. Mwanzoni nilikasirika, baadaye sikujua nianzie wapi.

Nilimpelekea Rufus sweta asubuhi ileile barua yako ilipofika. Alisoma kurasa zote mbili, akaugeuza mchoro juu chini.

"Babu yako alikuwa mwalimu?"

"Wa jiografia."

"Nimeona. Ameweka alama ya kaskazini kwenye mchoro wa sweta."

Akacheka! Wenzangu hawaamini mpaka leo. Akaandika kwamba nimejisema mwenyewe kabla ya ukaguzi, nikarekebisha fomu. Nikadhani yameisha.

Kisha jana akalifumua pindo, akapanga punje kwenye sahani nyeupe. Sita. Babu, ziko sita, na barua yako inasema saba! Wamefyonza chumba changu, begi, godoro, hata soksi. Sweta lenyewe liko kwenye friza. Wanaligandisha vijidudu vife, ili liruhusiwe kwenda kwenye barafu, hebu fikiria.

Rufus anasema ananiamini, lakini bila kujua punje ya saba iko wapi hawezi kutia saini. Nina hadi kesho saa sita mchana. Kumbuka vizuri. Ulishona ngapi?

Wilkister

Merrylands, 16 Oktoba 2024, asubuhi

Wilkister,

Leo salamu zitangoja. Nilishona sita!

Nilitoa saba kwenye pakiti, na hiyo ndiyo hesabu iliyobaki kichwani. Lakini desturi ni sita kwenda na moja kubaki kwa anayeaga. Maisha yangu yote mimi nilikuwa wa kusafiri. Wa kubaki alikuwa nyanya yako, na punje ya saba aliitunza yeye.

Nimepekua kikapu cha uzi, nimepekua hata chini ya jokofu, goti na mimi. Kisha nikainua macho kwenye picha yake ukutani. Ipo nyuma ya fremu, ndani ya kiberiti. Nilimwekea kama zamani. Mkono ulikumbuka, kichwa kikasahau.

Nimeipiga picha juu ya gazeti la leo, na rula kando yake. Mpe Rufus, kimbia.

Babu

Antaktika, 3 Novemba 2024

Babu,

Shikamoo kutoka mahali ulipopachora kwa chaki. Mimi ni mzima, na pua yangu bado ipo.

Rufus alitia saini saa sita kasoro dakika ishirini. Alisema, "Gazeti ningelibishia. Rula imenishinda." Pindo alilishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, vibaya sana, na sweta hilo ndilo nililovaa sasa.

Jana niliwapikia uji wa wimbi. Unga unaruhusiwa, Babu, nafaka iliyokwisha kusagwa haioti. Wote ishirini na wanne walirudia. Kwa hiyo mwambie mama yako, aliyekushonea ulipokwenda Makerere, popote alipo, kwamba sikulala bila chakula cha kwetu.

Na nimekukanyagia theluji. Inalia kama unga wa muhogo ukiufinya mkononi.

Ile punje iache hapo hapo kwa Nyanya. Nikirudi Machi tutaipanda pamoja kwenye kopo, barazani kwako, mahali inaporuhusiwa kuota.

Mke wako mdogo,
Wilkister